Swali la Mwisho Kwenye Ukurasa

Mdogo wangu wa kike ana miaka hamsini na mbili, na ana ulemavu wa akili tangu kuzaliwa. Tunaishi wawili Mzenga, katika nyumba aliyotuachia baba, na barazani hapo nimesomesha watoto Kurani tangu nikiwa msichana. Yeye ameketi jamvini na kila kizazi cha wanafunzi. Wenzake wamehitimu, wameoa na kuolewa, wakaleta watoto wao, naye bado yumo. Alhamdu yake ni nzuri kuliko ya wengi waliokwishaondoka.

Ana kifafa pia. Kila mwezi anahitaji vidonge, na siku ya kliniki huko Mlandizi nimekuwa nikimwombea mimi kwa wauguzi. Basi tuliposikia kwamba kuna vijana Maili Moja wanatengeneza tovuti ya kuombea siku ya kliniki, na kwamba wanatafuta watu kama yeye waijaribu kabla haijafunguliwa, nilikubali siku hiyohiyo. Nina miaka sabini na moja. Kila ninapoinuka kutoka kwenye sijida, magoti yananikumbusha kwamba njia iliyobaki si ndefu. Nikishaitwa, nani atamwombea siku ya kliniki? Nilitaka kujua kama anaweza mwenyewe.

Tulipokewa katika chumba kidogo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Msichana mmoja, mtaalamu wao, alituamkia kwa adabu, akaweka kishikwambi mezani mbele ya mdogo wangu.

"Mama, leo hatukupimi wewe," akamwambia. "Tunaupima ukurasa huu. Ukikwama, kosa ni letu."

"Kosa lenu?"

"Letu."

"Haya," akasema mdogo wangu, akavuta kiti karibu.

Ukurasa ulikuwa na picha, na ukigusa picha, sauti ya mwanamke inasoma maneno. Sauti ikauliza anahitaji kliniki gani.

"Ya kifafa," nikajibu.

Mdogo wangu akanigeukia. "Kaulizwa nani?"

"Wewe."

"Utadhani mgonjwa ni huyu," akamwambia msichana.

Msichana akanihamishia kiti karibu na mlango, akaniletea chai. "Bibi, hii ni ya kukushughulisha mdomo," akasema, nami nikacheka, maana mjukuu ana haki ya kumtania bibi yake.

Kutoka pale mlangoni nilimwona mdogo wangu akichagua kliniki, akachagua siku, akachagua asubuhi. Vidole vyake vilikwenda polepole lakini havikukosea. Nikawa namshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha ile sauti ikasema, "Umeomba kliniki ya Jumanne asubuhi. Una uhakika?" Chini yake kulikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana.

Akabonyeza Hapana. Kila alichokichagua kikafutika, ukurasa ukarudi mwanzo.

Hakuhuzunika. Alianza upya, akafika tena palepale, akabonyeza tena Hapana. Akaanza mara ya tatu. Chai yangu ilipoa mkononi. Nikajiambia kwamba basi, jambo hili limemshinda, na Mungu anajua atakavyomtunza bila mimi.

Mara ya tatu msichana akamuuliza kwa upole, "Mama, mbona unarudi mwanzo?"

"Si nimeulizwa kama nina uhakika?"

"Ndiyo. Na wewe huna?"

"Mwalimu akikuuliza hivyo umekosea. Unarudi kwenye Bismillahi."

"Mwalimu gani?"

Akaninyooshea kidole.

Katika kusomesha kwangu sikupenda kumwambia mtoto kuwa amekosea. Niliona ni kumvunja moyo mbele ya wenzake. Mtoto akipotea katika sura, nilimuuliza tu kwa sauti ya chini, "Una uhakika?" Naye aliinamisha macho na kuanza upya. Nilijiona mpole. Na yeye aliyekaa jamvini kuliko wote ndiye aliyelishika somo hilo kuliko wote. Niliona haya, nikaomba msamaha kwa Mola wangu hapohapo kwenye kiti, kwa jambo ambalo sikuwahi kulihesabu kuwa kosa.

Msichana hakucheka. Aliandika kwenye daftari lake, kisha akauliza, "Sasa Mama, ungependa huyu wa kwenye ukurasa aulizeje?"

Mdogo wangu akafikiri kwa muda mrefu. Msichana akasubiri, na mimi nikajifunza kusubiri.

"Asiulize," akasema. "Aseme alichosikia. Basi."

Baada ya wiki mbili tulirudi. Safari hii nilikwenda mwenyewe kwenye kiti cha mlangoni. Sauti ilipofika mwisho ikasema, "Umechagua Jumatatu asubuhi. Tuma, au badilisha." Mdogo wangu akabonyeza Tuma bila kusita, na alama ya kijani ikajitokeza.

Mimi nikasimama. "Jumatatu? Si tulisema Jumanne?"

"Wewe ulisema."

"Jumatatu nina darsa ya akina mama. Siwezi kukupeleka."

"Najua," akajibu, akaendelea kuitazama ile alama ya kijani. Msichana aliinamia daftari lake, lakini niliyaona mashavu yake yakizuia kicheko.

Tovuti ilipofunguliwa rasmi, aliomba siku yake mwenyewe kwa simu yangu, nami nilitoka nje ya chumba ili nisije nikasema neno. Akachagua Jumatatu. Jumatatu hiyo alfajiri alivaa kanga yake mpya, akaondoka na jirani yetu aliyekuwa na mtoto wa kumpeleka kliniki hukohuko Mlandizi. Siku hiyo nilisomesha vibaya. Mara mbili niliruka mstari, na akina mama wakanirudisha kwa heshima.

Alirudi baada ya adhuhuri, miguu imejaa vumbi.

"Ilikuwaje?" nikamuuliza.

"Foleni."

"Daktari je?"

"Kaniuliza, nikamjibu."

Mfuko wa vidonge ulikuwa mkononi mwake. Nikanyoosha mkono kuupokea, niuweke kabatini kwangu kama siku zote. Akaniwekea mkononi maandazi mawili aliyoninunulia njiani, na dawa akaingia nayo chumbani kwake.