Majuu Yamehama

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu Rehema, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu. Nilikuwa nimepanda ngazi za karakana ya ushonaji kule mtaa wa Malvern, barabara ya Jules, majora mawili ya kitambaa begani, nikafika juu nahema, ulimi nje. Hewa nyepesi ya mji huu sikuwa nimeizoea bado, na mwaka ulikuwa wa nne.

Wakati huo sisi vijana wa Tanzania tuliiita Afrika Kusini Bondeni. Marekani tuliiita Majuu. Basi mimi, kijana wa Tanga, Bondeni nilikuwa napita tu. Kila mwaka nilicheza ile bahati nasibu ya viza ya Marekani, na nilishaanza kuongea Kiingereza cha puani kama Mmarekani, Mungu anisamehe. Chumba changu cha mtaa wa Bellevue hakikuwa na kitanda. Nguo zilikaa ndani ya sanduku, maana mtu wa kuondoka kesho anunue kitanda cha nini? Jirani akinisalimia kwa Kizulu namjibu kwa Kiingereza cha filamu, naye anabaki kunishangaa.

Mama yako alikuwa msusi kwenye saluni ya chini ya karakana. Nilimpenda, naye akanipenda, sijui aliona nini. Nikamwambia, Mwanaidi, subiri nifike Majuu, nitakuita. Miaka mitatu, subiri, subiri! Wiki ile mfanyabiashara mmoja wa Kizanzibari akapeleka posa kwa mjomba wa Mwanaidi. Mama yako hakulia wala hakunibembeleza. Aliniambia, "Ijumaa baada ya swala mjomba anatoa jibu. Kama hukuja, usije tena."

Na Ijumaa hiyo hiyo ndiyo matokeo ya bahati nasibu yalikuwa yanatoka. Lo! Nikaanza kumlalamikia fundi mwenzangu kwamba mwanaume mwenye akili haoi Bondeni. Mwenye karakana, Papa Kabamba, Mkongo wa Lubumbashi, mzee wa suti siku zote, akanisikia. Akasimamisha cherehani.

"Weye mutoto, Tanga kuko bahari?"

"Iko, Papa."

"Kutoka kule mpaka huku, siku ngapi mu bisi?"

"Nne."

"Bisi ilikuwa inapanda ao inashuka?"

Nikafikiri. "Ilikuwa inapanda, Papa."

"Na pumuzi inakukatika ku ngazi. Njo unaita hapa Bondeni?"

Karakana nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka nao. Yeye hakucheka. Akanisogelea, akaniambia taratibu, "Kule unaangalia, hakuna mutu anakujua. Hapa chini kuko mwanamuke, myaka tatu anakungojea. Sasa uniambie, juu ni wapi?"

Niliona aibu, wallahi, aibu ya kweli, mpaka nikashindwa kukata kitambaa. Nikamwona mawazoni Mwanaidi akienda kwa mtu mwingine, nami nimebaki na godoro langu sakafuni. Ijumaa ilipofika nilitoka msikitini mbio kwa mjomba wake, nikafika wa kwanza, nikaposa, nikakubaliwa. Matokeo sikwenda kuyaangalia. Mpaka leo sijui kama nilishinda, na mama yako akinikasirikia huniambia labda nilishinda.

Kitanda tulikinunua barabara hiyo hiyo ya Jules. Tulikisukuma kwa toroli mpaka Bellevue, mafundi wa Kikongo wakiimba, mama yako nyuma akitugombeza tusikwaruze mbao. Tuliposimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, madereva wakatupigia honi, akina mama wa sokoni wakatupigia vigelegele. Sijawahi kufurahi kama siku ile, mwanangu.

Sasa Jumapili umekuja kutoka Randburg na simu yako mkononi. Unanisemesha Kiingereza, nakujibu Kiswahili, na tunaelewana. Ukasema, Baba, Marekani imekwisha. Kwisha sijui, ila imeyumba, hilo hata mimi naliona. Wanafunga milango, wanagombana na rafiki zao wenyewe, na siku hizi wakubwa wa dunia wanakuja hapa hapa mjini kwetu kuzungumza na sisi. Nafurahi, sifichi! Si kwa kumwombea mtu mabaya, bali kwa kuona sauti zimekuwa nyingi, na yetu imo.

Halafu kabla chai haijapoa ukasema unakwenda China, na yule kijana aliyekuja kukuposa umemwambia asubiri, utamwita ukishafika. Eish! Nikamtazama mama yako, naye akanitazama, tukacheka mpaka machozi. Ukanuna. Hatukukucheka wewe, mwanangu. Majuu hayajafa, yamehama tu, na wewe umegeuza shingo kuyafuata.

Nenda China, sikukatazi. Soma, jifunze lugha yao vizuri kuliko kile Kiingereza changu cha puani. Taifa kubwa la leo litapungua, litakuja jingine, na watoto wako wataliona la tatu. Lisiwepo hata moja kati ya hayo la kukufanya uahirishe maisha yako. Kijana wa watu mjibu. Kama unamtaka, sema unamtaka, mpange safari pamoja. Kama humtaki, mwambie aende zake kwa heshima. Neno subiri usimpe, maana mimi nalijua, na nusura linikoseshe wewe.

Mungu akufungulie njia, Rehema, akupe kicheko kingi nyumbani kwako, na popote utakapoishi akujaalie uishi kweli.