Zimwi la jino moja kwenye makopo ya asali

Wenzangu wa darasa la saba, leo nimegoma kufuta zimwi langu!

Mnajua nilivyo mwoga wa kusema mbele za watu.

Asubuhi tulipanga asali ya mama sokoni Kasulu. Kwenye kila kopo nimechora zimwi lenye jino moja refu.

Baba mdogo, anayeuza asali pembeni yetu, akaja juu.
"Nani atanunua chakula chenye zimwi? Futa, uchore nyuki kama wenzako!"

Mama akanipa kitambaa.

Nikakishika tu, nikajibu.
"Baba mdogo, bibi alitusimulia mazimwi mengi. Ninalolikumbuka ni lile la jino moja. Nyuki wako yuko kwenye kila kopo hapa sokoni."

Akacheka mpaka watu wakageuka. Nilitamani kulia.

Mara akaja mama mmoja kutoka kijiji cha Munanila, aliyenunua kwetu kopo la zimwi wiki iliyopita. Hajui kusoma. Akawapita nyuki wote, akaweka kidole kwenye jino.
"Hii hapa! Wanangu wamesema nisirudi bila asali ya zimwi."

Nikamrudishia mama kitambaa, kikavu.

Tulipofunga, baba mdogo akaninong'oneza, "Mwanangu, nichoree na mimi."

Nimekataa. Jino lile ni la asali ya mama.

Semeni kweli, ninyi mngemchorea?