Ukurasa wa Msomaji Mmoja

Kazi yangu ni kuwatengenezea watu tovuti, na tovuti yangu mwenyewe ilikuwa mbaya kuliko zote. Nasema hivyo kabla hujaniwahi. Ilikuwa blogu ya bure kwenye jukwaa moja la ng'ambo: ukurasa mweupe, herufi nyeusi kubwa kama za kitabu cha darasa la kwanza, picha hakuna hata moja. Mwenzangu niliyekuwa nikishirikiana naye ofisi kule Bugolobi aliiona siku moja, akacheka mpaka akashika meza.

"Dada, wateja wakiiona hii tumekwisha. Halafu Kiswahili! Kampala hii nani asome Kiswahili?"

Nilimwambia ashughulike na yake. Sikumwambia kwamba msomaji yupo, tena mmoja tu, na kwamba ule ubaya wote niliupima kwa ajili yake.

Baba yangu ni polisi mstaafu. Mama alipofariki alirudi kwao kaskazini, mimi nikabaki hapa Kampala, mtaa wa Kyebando, chumba na sebule. Masikio yake aliyaacha kwenye uwanja wa shabaha alikokuwa akifundisha vijana kulenga, kwa hiyo kumpigia simu ni kupoteza salio. Meseji nazo hafungui. Matapeli walimsumbua mpaka akaapa. Lakini macho ni mazima, na tabia ya kambini haijamtoka. Kambini, asubuhi kabla ya chai, askari anakwenda kwenye ubao wa matangazo, anasoma, kisha anasaini kuonyesha kwamba amesoma. Basi nikamfungulia ubao wake. Nikamwekea alama ya blogu mbele kabisa ya simu, abonyeze mara moja tu imfikishe. Nikawa naandika mambo ya kawaida: mvua imetutesa, jirani kanunua jogoo asiyejua asubuhi wala jioni, leo nimepika malakwang, ile mboga chachu ya kaskazini, nayo haikufika hata robo ya ile ya Mama. Chini, kwenye sehemu ya maoni, kila asubuhi ikaja saini yake: "Nimeona." Neno la pili hakuongeza, afande yule.

Ukiniuliza kama hayo ni mazungumzo, sijui. Najua tu kwamba mchana kutwa, Bugolobi na Ntinda, nilikuwa nasema Kiluganda na Kiingereza na wateja wanaotaka picha ziruke na maandishi yacheze, na nikirudi nyumbani sikuwa na wa kumwambia hata pole. Kiswahili cha kambini ndicho kilichonilea. Ukikisema dukani huku kwetu, wanakutazama kama umekuja kukamata mtu. Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kusema naye lugha yangu, na mtu huyo alikuwa yule anayeniandikia "Nimeona."

Siku moja jukwaa likabadilisha sura. Hawakuniuliza. Ukikaa bure kwenye nyumba ya watu, mwenye nyumba akiamua kupaka rangi unakuta tu imeshapakwa. Juu wameweka picha kubwa ya milima, herufi zimekuwa za kijivu, nyembamba kama uzi, kuna kidirisha kinachokuomba ruhusa kabla hujasoma chochote, na anayetaka kutoa maoni lazima kwanza ajiandikishe. Kwenye kompyuta ya Bugolobi, jamani, ilipendeza! Mwenzangu akanipongeza, akadhani ni mimi. Mimi moyo ukanilipuka, maana naijua simu ya Baba: kuukuu, na mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Picha ile ingemeza bando lake kabla neno la kwanza halijafika.

"Nimeona" haikuja. Kesho yake haikuja. Hesabu ya wageni ikasoma sifuri, na namba ya jirani yake, niliyoitegemea kwa dharura, ikawa haipatikani. Nikaanza kubishana na nafsi yangu. Ni simu imeshindwa kufungua, au ni mtu ameanguka huko hana wa kumwinua? Ukiwa Kyebando na kompyuta mapajani, mambo hayo mawili yanafanana kabisa.

Nikafanya ninachokijua. Ningeweza kulipia nafasi yangu mwenyewe mtandaoni, nikajenga ukurasa mwepesi nitakavyo, bila milima ya mtu. Lakini anwani ingekuwa mpya, na ile alama kwenye simu ya Baba ingeendelea kumpeleka kwenye ile ya zamani. Nikibaki, ubao ni wao. Nikihama, ubao ni wangu lakini hauna msomaji. Nikabaki, nikaanza kuukwangua muundo wao: picha nikaiondoa, herufi nikazinenepesha, kidirisha nikakificha. Mifupa ya chini sikuwa na ruhusa ya kuigusa, na uzito mwingi ulikuwa huko huko. Kila nilipopunguza kitu niliandika: "Baba, ukiona hapa, saini." Wiki ikaisha hivyo, nyingine ikaingia. Kazi za wateja zikalala. Nilikuwa mpweke, sioni haya kulisema, na nilikuwa na hofu.

Jumamosi moja mchana mlango ukagongwa kama unavunjwa.

"Wewe iko hai?"

Sauti ya paredi hiyo. Kiziwi hajui kwamba anapiga kelele. Majirani wa ua mzima, watu ambao kwa miaka sikuwapa zaidi ya salamu, wakatoka nje kutazama. Baba amesimama pale na begi lake la kijani, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Nilimwangukia shingoni nikalia, majirani wakitazama, shauri yao.

Ndani, huku anakunywa maji, akanieleza. Amebonyeza kila asubuhi, na kila asubuhi amepata weupe mtupu. Sasa, kambini ubao ukikutwa mtupu maana yake ni moja tu: kikosi kimehamishwa, malori yameshaondoka. "Nikasema, huyu mtoto wamehamisha wapi, na mimi hakuna mtu ameniambia?" Akaja kuuliza wamenipeleka wapi. Nilicheka mpaka machozi yakarudi upya.

Yeye hakucheka. Aliweka kikombe chini akanitazama.

"Sasa wewe, kuona mimi hapana saini, ulifanya nini?"

Hasikii, kwa hiyo jibu lazima liandikwe. Nikachukua simu yangu, nikaandika kwa herufi kubwa kwamba nilikuwa natengeneza ukurasa. Nikaona halitoshi, nikaongeza: nilitoa picha, Baba, nilipunguza uzito, nilijaribu kila njia. Nikampa. Akaishika mbali na uso, akasoma polepole, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Nilitafuta hasira usoni pake sikuiona. Ingekuwapo ingenipunguzia aibu.

"Mimi nilipanda basi," akasema.