Mkaja Ulionuka Mizizi

Mambo ya mwezini kwetu hayasemwi mbele ya mwanamume. Nilipovunja ungo, somo yangu alinifundisha kufunga sodo, kulifua, na kulianika mahali ambapo hata paka halioni, akamalizia kwa kunifinya paja ili nisisahau. Sijasahau. Shule sikwenda, kusoma nimejifunza ukubwani, kwenye darasa la kisomo, dawati moja na mpika chapati aliyekuwa akisinzia. Kwa hiyo nikirukaruka humu, nivumilieni.

Miaka hiyo Wachina walikuwa wanajenga reli, na mimi nakaanga vitumbua barazani kwetu Kariakoo. Mchele ukipatikana, lakini. Siku nyingine duka la ushirika lina sabuni tu. Unapanga foleni kutwa, unarudi na mche wa sabuni, na sabuni haikaangwi. Basi mwaka ule damu ikaanza kunitoka bila adabu. Siku saba, siku kumi na mbili, siku kumi na tano. Nikisimama penye jiko naona nyota mchana. Dawa za somo nilikunywa, nikafukizwa, nikameza na vidonge vya hospitali, wapi.

Aliyenishtukia ni jirani yangu, mama wa Kichaga mwenye duka la kanga.

"Wewe mama utaangukia kwenye mafuta," akaniambia. "Kule Gerezani kuna daktari wa Kichina, anatibu kwa mizizi. Mimi tumbo la mwezi lilikuwa linanilaza chini. Sasa nabeba gunia."

"Mwanamume?"

"Mwanamke. Kibonge hivi, nywele kakata kama mtoto wa shule."

Kama ni mwanamke mwenzangu, nikaona la kuogopa hakuna. Hakuniambia kwamba Kiswahili chote cha yule mwanamke kilikuwa "karibu" na "asante".

Na hili lazima niliseme. Wiki moja kabla, wazee kutoka Buguruni walileta barua ya posa ya binti yangu wa pekee. Kijana mwenyewe nilimjua kwa sura, alikuwa mteja wangu. Kila asubuhi vitumbua vinne, shingo imepinda kuchungulia uani. Walisema anafanya kazi na Wachina wa reli. Nikadhani anapiga nyundo. Barua tulikuwa hatujaijibu. Mume wangu alitaka tukae kidogo, tusionekane tuna njaa.

Nikavaa buibui nikaenda. Nikakaa kwenye benchi, nikaitwa, nikaingia. Daktari yupo nyuma ya meza, kibonge kama nilivyoambiwa. Na pembeni yake, daftari mapajani, amekaa yule kijana wa vitumbua vinne. Ndiye mkalimani.

Mkwe, mtu ambaye nikimwona njiani napaswa kujitanda uso. Naye aliponiona kalamu ilimdondoka. Daktari akasema neno. Kijana akageukia ukutani, palipotundikwa kalenda yenye picha ya trekta, akaiambia kalenda:

"Ndugu, daktari anauliza unaumwa nini."

Ndugu. Wakati ule kila mtu alikuwa ndugu, karani ndugu, waziri ndugu, lakini sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kujificha nyuma ya neno hilo.

"Kichwa," nikasema.

Akafasiri. Daktari hakuandika kitu. Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akatulia kama anayesikiliza redio ya jirani. Mkono huu, kisha huu. Akaniashiria nitoe ulimi. Nikautoa, mbele ya mkwe. Akamweleza kijana maneno marefu, na nikaiona shingo ya kijana inalowa jasho.

"Ndugu, daktari anasema siyo kichwa. Anasema damu yako ni chache, kuna inakopotelea. Anauliza... kila mwezi inapotea siku ngapi."

Vidole vitatu vilijuaje? Mpaka leo najiuliza. Nilitaka sakafu inimeze. Nikijibu, posa imekufa, maana kijana gani ataoa kwenye nyumba ambayo ameshahesabu siku za mama mkwe? Nikitoka, natoka na damu yangu. Nikanyanyuka nusu, nyota zikaja, nikakaa. Nikaona nikifa hata hiyo harusi sitaiona.

"Kumi na tano," nikaiambia kalenda na mimi.

Ikawa hivyo. Rangi yake, mabonge yake, maumivu yanaanza kabla au baada, yote tuliliambia lile trekta. Daktari naye akageuka kutazama ukutani kuna nini.

Akanipa vifurushi vya magome, mizizi na matunda mekundu yaliyokunjamana kama tende kavu.

"Chungu cha udongo, ndugu, si sufuria. Unachemsha mara mbili. Urudi vikiisha."

Uchungu wake sina mfano. Lakini mwezi ule damu ikarudi nyuma hadi siku kumi. Vifurushi vikaisha, na mimi sikurudi. Afadhali kufa kuliko kalenda ile. Na yule kijana barazani hakuonekana tena.

"Mama, mbona yule haji siku hizi?" binti akaniuliza.

"Labda vitumbua vimemkinaisha," nikamjibu. Mume wangu, asiyejua lolote, akaijibu barua kwamba tumekubali. Nikasubiri aibu.

Wazee wakaja na mahari. Wakaja na mkaja pia, ile nguo anayopewa mama wa binti kwa tumbo lililomzaa. Wifi yangu akaufungua mbele ya wanawake chumba kizima. Kanga doti mbili, na katikati ya kanga vifurushi sita. Harufu ikajaa chumbani.

"Mkaja gani huu unanuka kama gogo lililolowa?" wifi akasema. "Na hii karatasi imeandikwa nini?"

Kisomo nilikwenda mimi peke yangu, wenzangu wale walikikimbia. Herufi zilikuwa kubwa kubwa, kama za ubaoni: CHUNGU, SI SUFURIA. USIPATE TABU YA KUJA.

"Wameandika ni udi," nikasema. "Udi wa Kichina."

"Basi tuchome kidogo tuusikie."

"Wa Kichina hauchomwi, wifi. Huchemshwa."

Nikaufungia sandukuni, nikaenda uani kutafuta chungu.