Mshona Biblia na kaburi lisiloombewa

Saa mbili asubuhi, Mzee Gundi anaivunja Biblia. Analibandua jalada taratibu kwa kisu kisichozidi urefu wa kidole, anakwangua gundi kavu mgongoni, kisha anazitenga kurasa mafungu mafungu juu ya meza.

"Usinitolee macho, binti," anamwambia mwandishi. "Hii lazima ivunjwe ndiyo ishonwe."

Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya duka la vifaa vya shule. Kina dirisha moja na harufu ya gundi inayopanda kichwani. Hapa ameshona Biblia kwa miaka thelathini na moja, na ndipo alipopewa jina hilo la utani. Zamani alipokea ishirini kwa mwezi. Siku hizi zikija tatu anashukuru, maana watu wanasoma kwenye simu.

Kazi hii imemjulisha tabia za waumini kuliko mahubiri yoyote. Zaburi hufika zimelegea, zimejaa alama za vidole. Kitabu cha Hesabu hufika safi, kurasa nyingine bado zimegandana tangu kiwandani.

"Mtu anakuja kifua mbele, 'Mzee, hii nimeisoma yote.' Mimi nakaa kimya tu," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka.

Kicheko hakidumu. Miaka mitatu iliyopita mwanawe wa pekee, mpaka rangi wa majengo, alianguka kutoka ghorofa ya nne akiwa kazini. Mwenzake alisema aliteleza. Mlinzi wa jengo alisema alijirusha. Mchungaji aliyembatiza kijana huyo alimwamini mlinzi, akakataa kumfanyia ibada ya mazishi. Jeneza likashushwa bila sala wala wimbo, na walioshika koleo walikuwa wajomba zake na majirani wawili.

"Nikamwambia, mchungaji, waliokuwepo ni wawili na kila mmoja ana lake, wewe umejuaje? Akanijibu, ushahidi ni ushahidi."

Tangu hapo amekwenda mara nne kumsihi afike kaburini, hata kwa dakika tano. Mara zote nne amerudi mikono mitupu.

Mwaka jana, kwenye darasa la Biblia baada ya ibada, muumini mmoja aliuliza Yuda alikufaje. Mathayo anasema alijinyonga. Matendo ya Mitume inasema alianguka, akapasuka. Je, Biblia inajipinga?

Mchungaji hakuhangaika. Alieleza kwamba Yuda alijinyonga, kamba ikakatika, ndipo akaanguka. Kwa hiyo waandishi wote wawili wamesema kweli. Darasa zima likaitikia amina. Wapo waumini wanaofafanua vingine, kwamba hizo ni kumbukumbu mbili zilizohifadhiwa na watu tofauti, na lengo la kila mwandishi lilikuwa kufundisha. Mzee Gundi hana ugomvi na upande wowote.

"Habari ya kamba kukatika haimo mle. Kurasa zile nimezishona sijui mara ngapi, haimo. Wameiongeza wenyewe ili maneno mawili yapatane, na mimi sikatai. Lakini kwa Yuda, msaliti, walitafuta mpaka wakapata kamba. Kwa mwanangu hakuna aliyetafuta hata ubao uliolowa."

Mkewe, aliyeingia na chai, anaweka kikombe mbali na kurasa.

"Mzee, acha basi. Unachimba nini humo kila siku? Mtoto harudi."

Mama huyu bado anaimba kwaya katika kanisa lilelile. Wawili hawa hawajasali pamoja tangu siku ya maziko, na nyumba yao, kwa maneno ya mama mwenyewe, imekuwa kama ya wapangaji wawili.

"Nimechoka," anasema Mzee Gundi mkewe akishatoka. "Sijaacha kuamini. Ningeacha, ningepumzika."

Biblia iliyo mezani leo ni ya mchungaji huyohuyo. Ilivunjika mgongo, akampa mama ailete. Pembeni mwa aya ya Matendo kuna maneno ya penseli: "Kamba ilikatika."

Kufikia saa sita kurasa zimeshonwa. Kabla ya kurudisha jalada, fundi hubandika ukanda wa karatasi mgongoni mwa kitabu, na ukishafunikwa hauonekani tena. Leo anachukua kalamu na kuandika kwenye ukanda huo jina la mwanawe na siku aliyozaliwa. Anapaka gundi, anaubandika, anaukandamiza kwa kidole gumba.

"Jumapili itapanda mimbarani," anasema. "Kila atakapoinua mikono kuomba, mwanangu yupo."

Je, haogopi kwamba mchungaji atasoma habari hii gazetini?

Anafuta vidole kwenye kitambaa, kimoja kimoja.

"Andika tu, binti. Akitaka kumtoa, aichane Biblia."