Bwana Endapo na Wilaya ya Karibu

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa kufuli, na mtaani tunamwita Bwana Endapo. Endapo umeme utakatika, endapo barabara itafungwa, endapo unga utaadimika: hana habari nyingine. Chini ya kitanda chao kuna madumu ya maji, mishumaa, na gunia la maharage ambalo dada hujikwaa nalo kila asubuhi na kulilaani upya.

Baada ya mafuriko ya mwaka juzi ugonjwa ulimzidi. Akaanza kukagua wilaya moja moja, kama mtu anayetafuta mchumba. Hii ina udongo mzuri lakini iko bondeni. Ile iko juu lakini daraja lake halitabiriki. Mwisho akaipenda moja ya milimani, yenye shamba la kulima na kufugia kuku. Akataka wahamie kabla ya mvua.

Dada ana cherehani barazani, wateja aliowazoea na magoti mabovu. Hakubishana. Alisema tu, "Nitahama kama maji yako karibu. Kwa magoti haya, sichoti maji ya mbali."

Shemeji akaenda kukagua peke yake, akarudi uso unang'aa. Mwenye shamba, bibi mmoja mzee, alikuwa amemjibu yote kwa neno moja. Kisima? Karibu. Zahanati? Karibu. Barabara ya lami? Karibu, mwanangu, karibu. Dada akaanza kufunga vyombo huku amenuna, nami roho iliniuma, maana nilijua nitakuwa namwona kwenye misiba tu.

Siku ya kukata shauri tulikwenda sote watatu. Bibi alikuwa ameketi mlangoni.

"Shikamoo bibi," nikamwamkia.

"Karibu."

"Kisima kiko wapi?" shemeji akauliza, kifua mbele.

"Karibu."

Dada akamtazama mumewe, kisha akauliza taratibu, "Na chui je, bibi?"

"Karibu, mwanangu. Karibuni wote."

Masikini, bibi alikuwa hasikii. Alikuwa anatukaribisha tu. Mkwewe alitoka ndani akatuonyesha kisima: kule chini, ng'ambo ya korongo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Dada hakucheka.

"Baba watoto," alisema, "mafuriko yale ulikuwa wapi?"

Jibu tulilijua. Alikuwa upande wa pili wa mji akimfungulia mtu asiyemjua mlango, na dada amesimama juu ya meza ya cherehani huku majirani wakihangaika kuvunja mlango ambao shemeji mwenyewe aliutia kufuli tatu.

"Nilidhani sitakukuta hai," shemeji akasema, akiangalia viatu vyake.

"Siku ile sikuwaza madumu," dada akamwambia. "Nilikuwaza wewe. Nataka ukae karibu. Karibu ya kweli, si hii ya bibi."

Shemeji alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza neno endapo halikutoka.

Wiki ile ile alihamisha meza yake ya kazi kutoka sokoni, akaiweka barazani kando ya cherehani. Mlango umebaki na kufuli moja. Gunia la maharage halijaondoka, na sasa mke na mume wanagombania nafasi barazani kutwa nzima. Mteja akipiga hodi, shemeji ndiye anayejibu, "Karibu," na dada huinua macho kutoka kwenye kitambaa kuhakikisha kwamba kweli yupo.