Gauni la Kijani Kwenye Harusi ya Jeddah

Wenzangu, hili jambo nimelinyamazia miaka, na hata sasa nikilikumbuka nikiwa peke yangu jikoni najikuta nimejifunika uso kwa kitambaa cha vyombo, kwa hivyo chekeni mnavyotaka lakini mniache nimalize.

Mwaka ule nilikuwa Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi, mwaka wa pili wa mkataba. Nyinyi mliobaki Likoni mlikuwa mkidhani (na mimi nilidhani hivyo hivyo kabla sijapanda ndege) kwamba kila Mwarabu ana kisima cha mafuta nyuma ya nyumba. Basi wangu hawakuwa nacho. Baba, yaani kafili wangu, mwajiri mwenye dhamana ya karatasi zangu, alikuwa karani wa serikali, nyumba ni ya kupanga, kiyoyozi kinachofanya kazi ni kimoja, na madam akipata wageni wa maana mimi ndiye ninayetumwa kwa jirani kuazima sinia kubwa na vikombe. Lakini madam alikuwa na kaka Jeddah, tajiri hasa, na huyo kaka ana mke, na huyo mke, wifi yake madam, ndiye aliyekuwa akimkosesha usingizi. Wifi akipiga simu, madam husema tuko sokoni tunanunua mapazia, na kumbe tuko jikoni tunachambua dengu.

Sasa binti wa huyo wifi akawa anaolewa, na mimi huku nyumbani mdogo wangu Zuhura naye anaolewa. Zuhura nimemlea mimi tangu mama afariki, na mama wa kumsimamia alikuwa ni mimi, hakuna mwingine. Nikamlilia madam anipe likizo. Akaniambia (Mwanaisha lilimshinda, kwake nilikuwa Aisha tu), "Aisha, twende Jeddah kwanza. Harusi ikiisha salama, Baba atakutolea karatasi ya safari." Na mnajua mambo ya kule, bila ruhusa ya kafili hutoki, hata uwe na mabawa. Kwa hivyo mimi nilichotakiwa kufanya ni kimoja tu: nisiharibu.

Tukaenda kwa gari, kutwa nzima jangwani, maana tiketi za ndege kwa watu wote haziwezekani. Tukafikia nyumba ya kukodi Al-Baghdadiyah, juu ya duka la vipuri vya magari, na madam akampigia wifi kumwambia tumeshuka hoteli ya pwani na chumba kinatazama bahari. (Dirisha letu lilitazama rundo la matairi.) Mimi nikaendelea kupandisha mizigo, si nyumba yangu, si wifi yangu.

Haya, sasa kosa langu. Miezi kadhaa nyuma madam alinipa mfuko wa nguo zisizomwenea tena baada ya kujifungua, na ndani yake mlikuwa na gauni la kijani, shanga kifuani hadi kiunoni, likitikisika linalia. Nililiweka la kuvaa kwa Zuhura. Siku ile nikajiambia, si nilivae tu ndani ya baibui, nilizoee, nani ataliona? Baibui sitalivua, nitakaa nyuma na watoto kama nilivyoagizwa, nitakuwa najua mwenyewe tu kwamba chini nimependeza. Uamuzi mdogo kama huo, jamani.

Mlangoni kulikuwa na mama mmoja mkali, kazi yake kukusanya simu (kule harusini hawataki picha za wanawake, na leo hii namshukuru Mungu kwa hilo) na kupokea mabaibui ya wageni. Madam alishatangulia ndani na watoto kwa bibi harusi. Mimi nikajaribu kupita, yule mama akanidaka, akasema "Yalla, yalla," akanivua kama mtoto anayepelekwa kuoga, na alipoliona gauni akabadilika uso, akaanza kuniita bibi. Akamwita msichana mwenye chetezo, nikafukizwa udi mpaka kwapani, kisha nikashikwa mkono nikapelekwa mbele, mbele kabisa, kwenye makochi ya dhahabu karibu na jukwaa la bibi harusi. Na Jeddah wako Wasaudi weusi kama mimi, tena wenye majina makubwa, kwa hivyo hakuna aliyeshangaa.

Ningeweza kusema. Kiarabu cha kusema "mimi ni mfanyakazi" nilikuwa nacho. Lakini kochi lilikuwa laini, na miguu ilikuwa inauma, na tangu nifike nchi ile sikuwahi kukaa kwenye kochi, maana kwa madam makochi mimi huyafagia tu. Nikakaa. Mama mmoja mnene, mikono imejaa bangili, akanibusu mashavu mara nne, akaniuliza afya, akaniuliza watoto, akanishika mkono na kuushikilia. Nikaletewa tende, nikaletewa chokoleti, nikaletewa kahawa, na nilipotosheka nikakitikisa kikombe kama nilivyoona wageni wa madam wakifanya. Nikajisemea, Mwanaisha, kumbe utajiri ni jambo la kuzoea tu, hata nusu saa inatosha.

Hapo akapita Njeri. Njeri ni msichana wa kwetu Kenya, alikuwa akifanya kazi kwa wifi, tunajuana kwa sauti za simu na mara mbili tumeonana. Amevaa sare ya zambarau na aproni nyeupe, kama wafanyakazi wote wa pale. Akaniinamia na sinia, akiwa ametabasamu kwa ajili ya wageni, na huku ananong'ona, "Wewe, umekaa hapo kama nani? Madam yako akikuona utarudishwa kwenu na cargo. Ebu toka!"

"Natoka sasa hivi," nikamwambia, na nikachukua chokoleti nyingine.

Kilichoniangusha si kiburi, ni mazoea ya kazi. Msichana mmoja wa kupitisha kahawa alijikwaa, sinia likaenda chini, vikombe vikaviringika, kahawa ikatapakaa kwenye zulia. Wale mabibi hawakuacha hata kuongea. Na mimi, bila akili yangu kushiriki, nikawa nimeshapiga magoti na gauni langu la shanga, nafuta zulia kwa leso za mezani, naokota vikombe na kuvipachika kimoja ndani ya kingine, kisha nikashika dele la kahawa kwa mkono wa kushoto na vikombe mkono wa kulia, nikaanza kumimina safu nzima kuanzia kwa aliye mkubwa. Yule mama wa bangili akawa ananivuta, "Kaa, dada yangu, kaa, aibu!" Sikukaa. Nilishafika mgeni wa sita.

Wifi akaja kutazama ni mgeni gani huyo anayehudumia wenzake. Hakunitazama usoni. Alitazama kifua changu, shanga moja moja, kisha akamwita madam kwa sauti ambayo hata ngoma ilisikia.

"Hili si gauni nililokuletea kutoka Beirut?"

Jamani, mimi sikujua. Wallahi sikujua kama lilikuwa zawadi yake. Madam akasimama pale, rangi imemtoka, na mabibi safu nzima wamegeuka. Akasema, "Sijui. Sijui limemfikiaje." Kisha akaniangalia. Yale macho mpaka leo ninayo. Hayakuwa ya hasira, yalikuwa ya kuomba.

Nikafikiria haraka kuliko nilivyowahi kufikiria maishani. Nikisema amenipa, nimemvua nguo mbele ya wifi yake, na karatasi ya safari ndiyo basi, na Zuhura atatolewa na jirani. Nikisema nimechukua, mimi ni mwizi. Nikachagua Zuhura.

"Nimelichukua mimi kabatini," nikasema. "Samahani, madam."

Wifi akasema siku ya binti yake hataki makelele, nilivue tu, halas. Nikapelekwa stoo, Njeri akanipa sare yake ya akiba, ikanibana kila mahali, akanifunga aproni kwa nyuma huku anasema, "Na nilikuambia." Nililia kidogo, Njeri akanipangusa kwa ukingo wa aproni ileile, kisha nikapewa sinia, kwa sababu mikono ilikuwa haitoshi. Nikawarudia walewale, kochi lilelile. Yule mama wa bangili aliyenibusu mashavu mara nne akanyoosha kikombe huku akizungumza na mwenzake, nikamimina, akanywa, akakitikisa, akanirudishia. Hakunitambua. Sikuwa nimebadilika chochote ila nguo.

Likizo nilipewa, madam hakuvunja ahadi. Lakini habari zilimfikia Baba, naye aliamini ni kweli mimi mwizi, nani angemwambia vingine, na siku ya kuondoka akaamuru mfuko wangu umwagwe sebuleni. Akapekua dera kwa dera, chupi kwa chupi, na madam amesimama mlangoni amembeba mtoto, anatazama. Nilimsubiri aseme neno moja. Alisema, "Harakisheni, ndege haingoji."

Zuhura nilimsimamia, nilimtoa kwa vigelegele, na hakuna aliyeniuliza kwa nini mtu wa Saudia amevaa dera la kawaida. Nikarudi Riyadh kumaliza mkataba, na nikajiwekea sharti. Tangu siku ile sikupokea kitu chochote cha nyumba ile mpaka Baba awe amekaa pale. Nikipewa kandambili, nikipewa kipande cha sabuni, hata nusu ya kuku iliyobaki, nilisubiri Baba aje kula, nikasimama katikati ya sebule na kusema kwa sauti ya mnadani, "Madam, asante sana kwa kunipa sabuni hii!" Baba alikuwa akiinua macho, anashangaa, anarudi kwenye gazeti lake. Madam alikuwa akiitikia kwa upole, "Ahlan, Aisha," bila kunitazama hata mara moja.